Nani Atausemea Mto? Kinjeketile na Haki za Viumbe Mbele ya Hakimu

Mwaka 2019 Uganda ilitunga Sheria ya Taifa ya Mazingira ambayo kifungu chake cha 4 kimetamka jambo lisilo la kawaida katika sheria za Afrika Mashariki. Kimesema kwamba maumbile yana haki ya kuwepo, haki ya kudumu, na haki ya kuitunza na kuihuisha mizunguko yake ya uhai. Na kwamba mtu anaweza kwenda mahakamani haki hizo zikivunjwa. Kabla ya hapo Ecuador ilikuwa imeliandika jambo hilo katika katiba yake ya mwaka 2008, na New Zealand ikaupa mto Whanganui nafsi ya kisheria mwaka 2017. Wanasheria wamekwishaliandika sana suala hili tangu Christopher Stone wa Marekani alipouliza, mwaka 1972, kama miti nayo isiruhusiwe kusimama mbele ya hakimu.

Makala haya hayakusudii kurudia kazi ya wanasheria. Nia yetu ni kulitazama suala hilo kwa jicho la fasihi, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo mtunzi wa tungo na tamthilia alikutana nalo zamani: kitu kisicho na ulimi kikipewa ulimi, ni nani anayesema? Kazi itakayotuongoza ni tamthilia ya *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Mahali tutakapopashika mkononi, ili maneno yasielee hewani, ni Mandawa: si Mandawa ya Kilwa, ile inayotajwa kwa utafutaji wa gesi, bali Mandawa ya wilaya ya Ruangwa, katika nchi ya Wamwera, mkoani Lindi.

Maneno yanayotangulia hukumu

Tuanze na lugha, kwa kuwa kesi nyingi huamuliwa na neno kabla hazijaamuliwa na hakimu. Kiswahili cha serikali kina majina mawili makubwa kwa vitu hivi tunavyovizungumzia. La kwanza ni *mazingira*. Neno hili latokana na kuzingira, nalo lataka pawe na mtu katikati: mazingira ni yale yanayomzunguka yeye. Mtu akiondoka, mazingira hubaki yakizunguka utupu. La pili ni *maliasili*, au *mali asilia* kama ilivyoandikwa katika ibara ya 27 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, inayomtaka kila mtu azilinde. Hapa hukumu imekwishatolewa ndani ya jina. Kilicho mali kina mwenyewe, na mali haimshitaki mwenyewe.

Sarufi yetu ina ukarimu zaidi kuliko msamiati wa ofisini. Mswahili hasemi "simba kimekuja" wala "mbwa kinalala". Mnyama, hata mdudu, hupatanishwa kama mtu: amekuja, analala, wamekufa. Ukarimu huo haukuufikia mti wala mto. Mti umeanguka, mto umejaa. Lakini msomaji akumbuke hadithi alizosimuliwa na bibi yake. Pale mbuyu unapofungua kinywa, msimulizi hubadili upatanisho bila ya kujishauri: mbuyu *akasema*, bahari *akajibu*. Kwa muda wa hadithi, kisichokuwa mtu huandikishwa miongoni mwa watu. Hicho ndicho wanasheria wanachokiita nafsi ya kisheria, na wala si kioja. Kampuni haina damu, nayo hushitaki na kushitakiwa. Halmashauri ya kijiji, ikishaandikishwa chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, ni nafsi kamili mbele ya mahakama. Kwa hiyo Mandawa yenye vijiji ina watu wa aina mbili: wenye damu, na wa karatasi. Mto na msitu wa hapo hawamo katika kundi lolote.

Jambo hili lina uzito mpya tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Neno litakaloteuliwa leo kuitafsiri haki ya maumbile ndilo litakalowafunga mahakimu kesho. Likiteuliwa *maliasili*, basi tutakuwa tumeipa mali haki juu ya mwenyewe, nalo ni fumbo lisilofumbulika. Mwandishi wa makala haya anaelekea kwenye neno *viumbe*, kwa sababu linamweka mtu na mti katika safu moja mbele ya Muumba wao. Hata hivyo, tusilimalize jambo kwa kamusi. Na tusikilize tamthilia inatuambia nini.

Maji yaliyopata msemaji

Kisa cha *Kinjeketile* chajulikana. Watu wa kusini wanalimishwa pamba kwa nguvu katika shamba la mzungu, chakula kimeadimika majumbani, na makabila hayana umoja. Kinjeketile anachukuliwa na pepo Hongo, anaingia mtoni, na anapotoka anakuja na maji ambayo yatawafanya watu kuwa wamoja na kuwakinga na risasi. Nyuma ya tamthilia kuna vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905, na kuna Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani Agosti ya mwaka huo. Mwandishi mwenyewe alitutahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa sanaa, asipimwe kwa mizani ya historia. Wamwera nao walikuwemo katika vita vile. Nchi ya Ruangwa na Nachingwea si ya kuazimwa katika kisa hiki.

Wahakiki wameisoma tamthilia hii kama kazi ya umoja wa kitaifa, ya imani na mkakati, ya kiongozi na umma. Ni masomo ya haki. Lakini ukiisoma huku swali la Uganda likiwa kichwani, jambo jingine hujitokeza: hii ni tamthilia juu ya uwakili. Mto una neno, hauna kinywa, unamchukua mtu mmoja awe kinywa chake. Tangu hapo kila linalosemwa na mtu huyo lachukuliwa kuwa limesemwa na mto. Hakuna anayeweza kurudi mtoni kuuliza.

Na hapo ndipo Hussein alipotia mwiba. Katika hali ya kupagawa, Kinjeketile anatamka kuwa watu wake watakuwa wana wa Seyyid Said. Akizinduka, akaambiwa alilolisema, anashikwa na hofu. Kuwa wana wa Seyyid Said ni kutoka katika mikono ya mtawala mmoja na kuingia katika ya mwingine. Je, ni Hongo aliyesema hayo? Au ni yeye Kinjeketile, aliyewahi kusikia habari za sultani, akachanganya sauti ya mto na kumbukumbu zake? Sisi wasomaji wa visiwani tuna sababu ya kuisoma sehemu hii taratibu. Jina lililoingia bila ya kualikwa katika kinywa cha mto ni jina kutoka kwetu. Mamlaka ya Unguja yalikuwa yamewahi kufika mpaka kule kwa njia ya misafara na utumwa, hata yakapata nafasi ndani ya ndoto ya mganga.

Wakili yeyote wa mto, msitu au nyumbu yumo hatarini kuwa Kinjeketile wa namna hii. Anaweza kuamini kwa moyo safi kwamba anaisema haja ya msitu, kumbe kinywani mwake mna mfadhili wake, chama chake, au mtawala wake. Tamthilia haimtuhumu Kinjeketile kuwa mwongo. Ingekuwa nyepesi lau ingefanya hivyo. Yamwonyesha kuwa mkweli, na hata hivyo hawezi kuhakikisha kuwa alichokisema si chake.

Pamoja na sifa hizo, kuna upungufu katika tamthilia ambao haujasemwa vya kutosha. Mto wa Hussein hauna haja yake wenyewe. Hongo anataka wanachokitaka watu: umoja, ushindi, uhuru. Hatuoni popote mto ukiumwa, ukikauka, ukidai chochote ambacho watu wasingependa kukitoa. Ardhi ya pamba inasikitikiwa kwa sababu watu wanateseka juu yake; yenyewe haina malalamiko. Hilo halikuwa kosa kwa mwandishi wa mwaka 1969, aliyekuwa na ukoloni mbele yake na taifa changa nyuma yake. Lakini linatuonyesha kwamba hata kazi bora kabisa ya jukwaa letu iliyachukua maumbile kama chombo cha ukombozi, kama vile sheria ilivyoyachukua kama mali. Mto ulipewa ulimi ili utusemee sisi.

Fumbo lililomeza mti

Upungufu huo si wa Hussein peke yake; ni wa ushairi wetu karibu wote, na ni mtoto wa fahari yetu kubwa, yaani fumbo. Tangu enzi ya Muyaka wa Mombasa, mshairi akitaja mti, wasikilizaji huuliza ni nani. Kaa, pweza, chombo kilichopasuka, mnazi uliopinda: vyote ni watu waliovikwa ngozi. Marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu alipoitoa diwani yake ya *Kimbunga* mwaka 1994, nani kati yetu aliyekisoma kimbunga hicho kama upepo? Tulitafuta siasa, tukaipata, tukaridhika. Usomaji huo ulikuwa sahihi, nao ulimpa mshairi hifadhi katika miaka ambayo kusema wazi kulikuwa na gharama. Lakini tumeuzoea mno hata hatujui kusoma kwa njia nyingine. Tumeujaza mti maana mpaka mti wenyewe umekosa nafasi ya kusimama.

Katika *Kwenye Ukingo wa Thim* ya mwaka 1988, Hussein aliingia mahakamani hasa. Tamthilia ile ilichochewa na kesi ya maziko ya S. M. Otieno mjini Nairobi, iliyomalizika Mei 1987 kwa ukoo kumshinda mjane. *Thim*, kwa lugha ya Wajaluo, ni pori, na ukingo wa pori ndio mahali ambapo sheria iliyoandikwa na mila isiyoandikwa zinagombania maiti. Hapa pori limekuwa jina la hofu: ni giza ambalo jamii hutumbukia ikipoteza utu. Picha hiyo ni kali na inafaa kwa kisa chake. Hata hivyo yatupasa tutambue kuwa pori limehukumiwa bila ya kusikilizwa. Nayo maiti ile, ambayo haikuweza kusema ilitaka kulala wapi, ni ndugu ya mto: pande zote mbili zilidai kuijua haja yake.

Tujaalie kesi ya Mandawa

Sasa twende Ruangwa. Nchi hii imewahi kuona yanayotokea pale ardhi inaposemewa na watu wa mbali. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1947 ulileta Nachingwea matrekta yaliyotumika vitani na minyororo ya kung'olea miti. Paundi zipatazo milioni 36 zilitumika katika Tanganyika nzima kabla ya mpango kuachwa mwaka 1951. Ardhi ya Nachingwea ilikuwa na jibu lake juu ya karanga, nayo ililitoa. Hapakuwa na mtu aliyelazimika kulisikiliza kabla ya misitu kulazwa chini. Leo Ruangwa inatajwa kwa madini ya kinywe, ambayo dunia inayatafuta kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Kinachochimbwa huko kinachimbwa kwa jina la kuyaokoa mazingira ya mahali pengine.

Na tujaalie, kwa mfano tu, kwamba huko Mandawa pana chemchemi, na kando yake pana mti. Wamwera, kama jirani zao Wayao, wana desturi ya kutambika chini ya mti, aghalabu msolo, wakinyunyiza unga wa mtama na kuwataja wazee waliotangulia. Leo wengi wao ni Waislamu na Wakristo, na wapo wanaoliona tambiko kuwa ushirikina. Tujaalie sasa kwamba amekuja mtu mwenye kibali cha kuchimba au kukata, na njia yake inapita juu ya chemchemi. Nani ataingia mahakamani, na atasema nini?

Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004, mlango upo. Kifungu cha 4 champa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Cha 5 chamruhusu kushitaki. Visiwani tuna sheria yetu ya mwaka 2015. Ni hatua kubwa ukikumbuka kwamba Nairobi, mwaka 1989, Wangari Maathai alifukuzwa mahakamani alipotaka kuitetea bustani ya Uhuru, kwa hoja kwamba yeye binafsi hakuumizwa. Lakini mwenye haki katika sheria ya 2004 ni mtu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walipolishitaki Jiji la Dar es Salaam kwa kuwatupia taka, na Jaji Lugakingira akalikatalia Jiji ruhusa ya kuendelea kuzitupa, ulikuwa ushindi wa mapafu ya wakazi. Chemchemi ya Mandawa ingeshinda ikiwa tu wanaoinywea wangeonyesha kuwa wameumia. Kama mwenye kibali angewachimbia kisima kizuri zaidi mahali pengine, kesi ingekuwa imekwisha, na chemchemi ingezikwa kwa amani.

Hata mahakama iliyofika mbali zaidi katika kanda yetu haikuuvuka mpaka huo. Tarehe 20 Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, iliamua kwamba kujenga barabara ya lami kupita kaskazini ya Serengeti kungevunja Mkataba wa Jumuiya. Mdai alikuwa jumuiya ya kutetea wanyama yenye makao yake Nairobi. Nyumbu, wanaovuka mpaka wa Tanzania na Kenya kila mwaka bila ya hati ya kusafiria, walikuwa ndio kiini cha kesi, na majina yao hayakuwamo. Walinufaika na mkataba ambao wenye kuahidiana ni madola.

Kwa hiyo, je, tuifuate Uganda na kuipa chemchemi haki yake yenyewe? Hapo ndipo Kinjeketile anaporudi. Anayejua sheria, mwenye nauli ya kwenda Lindi au Mtwara na mwenye fedha za wakili, huenda asiwe mtu wa Mandawa. Anaweza kuwa mtu wa mjini anayeipenda misitu kwa dhati, atakayemwambia hakimu kuwa msitu unataka kuachwa, usiguswe na mtu. Mama anayeokota kuni, mrina asali, mganga anayechimba mizizi, mzee aliyebeba unga wake wa mtama, wote watakuwa wamekuwa washitakiwa wa msitu uliowalea. Historia ya hifadhi katika nchi zetu ina sura nyingi za watu waliohamishwa kwa ajili ya wanyama. Haki ya kiumbe ikiwa mikononi mwa msemaji asiyeulizwa, yaweza kuwa Seyyid Said mpya ndani ya kinywa cha mto.

Kuna na swali la pili ambalo wapenzi wa haki za maumbile hawalipendi. Mwenye haki huulizwa wajibu. Mwaka 2017 mahakama ya jimbo la Uttarakhand, India, iliitangaza mito ya Ganges na Yamuna kuwa nafsi, na kabla ya mwaka kwisha Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ikaisimamisha hukumu ile. Serikali ya jimbo ilikuwa imeuliza: mto ukifurika na kuua, ni nani atakayelipa? Watu wa mkoa wa Lindi waliopotewa na ndugu zao katika mafuriko ya Januari 2020 wana haki ya kuuliza hivyo hivyo.

Walii wa yatima

Jibu, kwa maoni yetu, halihitaji kuagizwa kutoka mbali. Sheria na mila za pwani zinajua kumsimamia asiyeweza kusema. Yatima ana mali, hana kauli, huwekewa walii. Walii huyo hapewi mamlaka kwa kuwa anampenda yatima. Anapewa pamoja na mipaka, na ole wake aile mali ya yatima. Yatima mdogo akivunja chungu cha jirani, fidia hutoka katika mali yake kwa mkono wa walii, wala hakuna anayesema kwamba kwa hivyo yatima hana haki. Wakfu nao ni hivyo hivyo. Kisima kilichowekwa wakfu hakina mmiliki miongoni mwa watu. Kina msimamizi, na msimamizi akikosea huondolewa, kisima kikabaki. Misali, kisiwa kidogo cha Pemba, wavuvi wanasimulia kuwa Nabii Khidhr aliwaomba msala, na walipokosa alisali juu ya kisiwa chenyewe kinachoelekea kibla. Kisiwa hicho kiliwekwa katika hifadhi mwaka 1998, na wavuvi walipoelezwa sababu kwa lugha ya amana na msala waliielewa kuliko ya ofisini. Walikuwa wakiambiwa jambo ambalo walikwisha kulijua: kuna kitu ambacho unakitumia na si chako.

New Zealand ilifika karibu na hapo kwa njia yake. Sheria ya mwaka 2017 iliuwekea mto Whanganui wasemaji wawili, mmoja akiteuliwa na dola na mwingine na koo za Wamaori wa mto huo. Hakuna hata mmoja anayeweza kujidai kuwa peke yake ndiye Hongo. Kama chemchemi ya Mandawa ingekuwa na walii, basi awe zaidi ya mmoja; na mmoja wao, kwa lazima, awe mtu anayeinywea. Vijiji vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale tayari vimetenga misitu yao ya hifadhi chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na vina kamati za maliasili zinazowajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji. Hapo pana mbegu ya uwalii. Kinachokosekana ni kauli ya sheria kwamba kamati hiyo ikienda mahakamani haiendi kwa niaba ya mapato ya kijiji tu, inakwenda pia kwa niaba ya msitu. Na kwamba siku mapato na msitu vitakapogombana, yuko mmoja katika kamati ambaye amekatazwa kula mali ya yatima.

Kazi ya mtunzi

Mwisho wa *Kinjeketile* ni mgumu. Vita vimeshindwa, watu wamekufa, na mhusika mkuu, akiwa kifungoni, anatakiwa akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Yeye mwenyewe ana shaka. Hata hivyo anakataa, kwa sababu anajua kwamba akikana, watakaokuja baadaye wataambiwa kuwa kupigana kwenyewe kulikuwa uongo. Msemaji asiye na hakika na sauti aliyoisikia anakataa kuiuza. Katika kukataa huko mna uwalii wa kweli kuliko katika siku ile ya kutoka mtoni akiwa na hakika tele.

Watunzi wetu wa leo wanaweza kujifunza mambo mawili hapo. La kwanza ni shaka: mshairi anayeusemea mto aandike kama mtu ambaye huenda amesikia vibaya. La pili ni umbo. Tuna umbo la malumbano, ambamo mmoja hutunga, mwingine humjibu kwa vina vilevile, na wasikilizaji ndio hukumu. Umbo hilo ni mahakama iliyokuwepo kabla ya mahakama. Kwa nini hatujapata malumbano baina ya chemchemi na mchimba kisima, baina ya msolo na msomi aliyeuona ushirikina, baina ya mpingo na zumari linalochongwa kutokana nao, ambamo kila upande una hoja nzito na mtunzi hajui nani atashinda? Katika fumbo mti humsemea mtu. Katika malumbano ya namna hiyo mtu angelazimika kuusikiliza mti ukimpinga, na kumtafutia mpinzani wake vina vilivyo bora kuliko vyake.

Hilo si jambo dogo, wala si la kujipamba. Siku hakimu wa wilaya atakapoisikiliza kwa Kiswahili kesi kama ile tuliyoijaalia Mandawa, atahitaji maneno. Sheria itampa vifungu. Namna ya kukisikiliza kitu kisichosema, na kumtilia shaka anayekisemea bila ya kukidharau kinachosemewa, ataipata kwa wale waliokwisha kuifanyia mazoezi. Wakati huu bado hatujamwandalia mengi. Tumemwandalia tamthilia moja kubwa ambayo mto wake unasema mapenzi yetu, na maelfu ya beti ambazo miti yake yote ni watu.

Msolo, kwa upande wake, unaendelea kunyunyiziwa unga na wachache, na kupitwa na wengi. Anayeunyunyizia hadai kuwa mti umemwambia neno. Anawataja wazee wake, anasema haja yake kwa sauti ndogo, kisha ananyamaza kidogo kabla ya kuondoka.